Amana ya Mwambani: Nani Mwenye Haki ya Kuifunga Bahari?

Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ipo mihrabu iliyochongwa kwa jiwe la matumbawe, na kando yake yamo maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladi ni 1107. Mafundi wa zamani waliyatoa mawe ya namna hiyo baharini yangali laini, wakayachonga kabla jua na upepo havijayakausha yakawa magumu. Na tangu Lamu hata Kilwa wakajenga kwayo misikiti, majumba na makaburi, wakayaunganisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Mtu wa mwambao, basi, husali ndani ya mwamba, hulala ndani ya mwamba, na mwisho wa safari yake hulazwa chini ya mwamba. Na katika siku zote zilizo baina ya hayo hula kilichotoka mwambani, na mwamba humkingia mawimbi usiku bahari inapochafuka. Deni hilo si dogo, na wanaodaiwa ni wengi kuliko wanaolikumbuka.

Makala haya hayakusudii kuthibitisha kwamba mwamba unastahili kuhifadhiwa, maana hilo hata mvuvi wa baruti halikani. Linalobishaniwa ni jingine: nani mwenye haki ya kusimama ufukweni na kusema kwamba fungu hili lisivuliwe mpaka mwezi fulani, na kwa nini neno lake litiiwe na mtu ambaye jikoni kwake moto haujawashwa tangu jana? Kwa muda wa karibu miaka sitini swali hili limejibiwa kwa njia mbalimbali katika pwani ya Afrika Mashariki. Serikali imejibu kwa sheria na mipaka. Wapenzi wa mambo ya kale wamejibu kwa kuelekeza kidole kwenye desturi za wazee. Na katika miaka thelathini ya karibuni vijiji vyenyewe vimejibu kwa kufunga mafungu yao kwa hiari na kuyalinda kwa mikono yao. Inafaa kila jibu lipimwe kwa mizani moja, nayo ni kutazama nani anabeba hasara ya kufunga, na nani anapokea faida ya kufungua.

Kabla ya kupima, sharti kijulikane kinachopimwa. Tumbawe ni mnyama, ijapokuwa macho huona jiwe. Ndani ya kila tundu lake dogo hukaa kiumbe laini kinachojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya mwili wa kiumbe hicho huishi viumbe vingine vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupokea mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wao, kama mpangaji anayelipa kodi kwa chakula. Matumbawe ya mviringo, yale mazito yaliyo kama majabali, hukua kwa kadiri ya sentimita moja kila mwaka. Yale ya matawi hukua kwa haraka zaidi, lakini huvunjika upesi kwa nanga, kwa upondo na kwa mguu wa mtu. Kwa hiyo jabali lililofikia kimo cha mtu lilianza kujijenga kabla babu wa babu yake mvuvi hajazaliwa, na fungu moja la baruti hulimaliza kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Tena mwamba hausimami kwa matumbawe peke yake. Pono hukwangua mwani usije ukayasonga matumbawe, na kikande huvunja na kula wale viumbe wa miiba wanaojificha katika nyufa, ambao wakizidi huutafuna mwamba wenyewe. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, hasa kazi ya mwanasayansi Tim McClanahan na wenzake, umeueleza mfuatano huo waziwazi: penye uvuvi mzito kikande hutoweka, viumbe wa miiba huongezeka, na mwamba huliwa kwa kasi ipitayo ile ya kujijenga kwake. Mvuvi anayerudi na vikande wawili ndani ya dema huona kitoweo tu, wala si kosa lake. Lakini amewatoa nyumbani walinzi wa nyumba.

Na uvuvi wa mwambani ni wa watu wengi na wa zana nyingi. Bamvua likija na maji yakikupwa mbali, wanawake na watoto hushuka mwambani kuchokoa pweza na kuokota kombe. Wenye malema huyatega kandokando ya majani ya bahari wakitafuta tasi na changu. Wenye mishipi na majarife hungoja kaskazi, bahari itulie, wapate kutoka nje. Kusi likivuma, ngalawa ndogo haithubutu kuvuka mlango wa mwamba, na watu wote, wenye zana njema na wenye zana mbovu, hurudi kusongamana katika maji yale yale haba yaliyo baina ya mwamba na ufuko. Katikati yao hupita juya, wavu mrefu wenye macho madogo, unaovutwa na vijana ishirini au thelathini wasio na chombo wala zana yao wenyewe, nalo hukusanya kila kilichomo, kikubwa na kichanga, pamoja na majani na vipande vya matumbawe. Kenya ililipiga marufuku juya mwaka 2001, na sheria za Tanzania nazo zinalikataza. Walakini asiyesahau kwamba wavutaji wa juya ndio maskini kuliko wote ufukweni ataelewa kwa nini marufuku ya karatasi hayakutosha kulitoa majini.

Jibu la kwanza, nimesema, lilikuwa la serikali. Mwaka 1968 Kenya ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizo miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na baadaye zikafuata ile ya Kisite, karibu na Wasini, na mwaka 1986 ile ya Mombasa. Tanzania ilipitisha sheria ya hifadhi na maeneo tengefu ya bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilomita za mraba 822; kisha ikaja ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma mwaka 2000. Ikatukia kwamba katika mwaka ule ule wa 1968 mwanazuoni wa Marekani, Garrett Hardin, alichapisha makala mashuhuri akidai kwamba mali isiyo na mwenyewe mmoja haina budi kuangamizwa na watu wake wote, kwa kuwa kila mmoja huchuma faida yake peke yake na hasara huigawa kwa jamii nzima. Basi dawa, kwa rai yake, ni mali hiyo kumilikiwa na mtu au kushikwa na dola. Mawazo ya namna hiyo yalienea duniani, na mvuvi akaonekana katika macho ya wakubwa kuwa ndiye ugonjwa, si mmoja wa waganga.

Insafu yataka tuseme kwamba hifadhi hizo zilizaa matunda. Ndani ya mipaka ya Malindi, Watamu na Kisite samaki ni wengi na wakubwa kuliko nje, na vikande wamo wakifanya kazi yao. Huko Mombasa wavuvi wa malema walijifunza upesi kutega mstarini, hatua chache kutoka kwenye mpaka, kwa maana tasi wanaozaana ndani hawajui maboya, hutoka wakaingia madema. Lakini faida hiyo ilifuatana na jeraha. Watu waliozoea kuvua mahali walipovua baba zao waliamka siku moja wakiambiwa kwamba mahali pale ni pa wageni wanaolipa kiingilio ili watazame samaki kupitia kioo. Na hata kule Mafia, ambako sheria iliahidi tangu mwanzo kwamba wanakijiji watashirikishwa na eneo likagawanywa kwa sehemu za kufungwa na sehemu za kutumiwa kwa masharti, manung'uniko ya wavuvi juu ya zana zilizokatazwa na juu ya namna ya kukamatwa kwao yamedumu miaka mingi. Ulinzi unaomchukulia jirani kuwa mwizi humfundisha jirani kuiba usiku.

Hardin alijibiwa, na aliyemjibu kwa nguvu zaidi alikuwa mwanamke. Elinor Ostrom, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 na kwa kazi iliyompatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi ambayo watu wa kawaida waliyatunza kwa karne nyingi pasipo kuyauza wala kuyakabidhi kwa dola. Alionyesha kwamba mali ya shirika si mali isiyo na mwenyewe; yenye kuangamia ni ile ambayo mipaka yake haijulikani, watumiaji wake hawana sauti katika masharti yake, na mvunjaji wa masharti haadhibiwi na mtu anayemjua. Mtu wa pwani angeweza kumwambia haya kwa maneno machache zaidi, kwa kuwa amekulia katika methali kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na anajua pia kwamba chombo kisicho na nahodha hata mmoja hakiendi popote.

Hapo ndipo wengine hurukia jibu la pili, wakasema kwamba wazee wetu walikuwa wahifadhi, na kwamba kinachotakiwa ni kurudi kwao. Maneno haya ni matamu, lakini hayana budi kupimwa. Ni kweli kwamba katika pwani ya kusini ya Kenya, miongoni mwa Wadigo na majirani zao, palikuwako mahali baharini palipohesabiwa kuwa na mizimu, na wazee walitoa sadaka kwa nyakati zake, na mgeni aliyetaka kuvua alipita kwanza kwao akaomba idhini. Hata hivyo waliouchunguza utaratibu huo wameona kwamba makusudio yake yalikuwa kuiridhisha mizimu ili bahari isikasirike na riziki isikatike, wala hayakuwa kuhesabu samaki ili wasipungue. Tuseme basi kwamba wazee hawakuacha elimu ya uhifadhi iliyo kamili. Waliacha jambo jingine lenye thamani isiyo ndogo, yaani mazoea ya kuomba ruhusa. Pale ambapo mtu huona haya kutumbukiza wavu kabla ya kumwona mwenye mji, nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Dini mpya, biashara kubwa na idadi ya watu iliyoongezeka viliifuta mizimu, na haya ikaondoka pamoja nayo, pasiwekwe kitu mahali pake.

Jibu la tatu lilizaliwa katika upungufu huo, na mfano wake wa mwanzo wenye mafunzo mengi ni Tanga. Tangu miaka ya 1960 mwambao wa Tanzania ulikuwa umezoea mshindo wa baruti, na mafungu mengi ya Tanga yalikuwa yamegeuka vifusi. Mwaka 1994 ulianza mpango wa uhifadhi na maendeleo ya pwani ya mkoa huo, uliosaidiwa na serikali ya Ayalandi na kuongozwa kwa ushauri wa shirika la uhifadhi la IUCN, ukaendelea hadi mwaka 2007. Sifa yake ilikuwa kwamba ulianza kwa kuuliza. Wanavijiji waliulizwa ni jambo gani linaloiharibu bahari yao, nao wakataja baruti na majuya wao wenyewe. Waliulizwa dawa, nao wakachagua mafungu ya kufunga, wakatoa vijana wa doria, na wanamaji wa jeshi wakasafiri pamoja nao. Kwa miaka kadhaa milipuko ilipungua sana na samaki wakaanza kurudi katika mafungu yaliyofungwa.

Lakini Tanga inafundisha kwa kuanguka kwake kama ilivyofundisha kwa kusimama. Msaada ulipopungua na doria ikakosa mafuta ya mashine, baruti ilirudi, tena kwa wingi, na uchunguzi uliofanywa mwaka 2015 kwa kusikiliza sauti majini katika urefu wa pwani ya Tanzania ulinasa milipuko zaidi ya 300 katika muda wa mwezi mmoja hivi, iliyo mingi katika maji ya karibu na Dar es Salaam. Baruti haichimbwi kijijini. Hutoka katika machimbo na katika kazi za barabara, hupita mikononi mwa wafanyabiashara, na samaki wake huuzwa katika masoko ya mjini ambako mnunuzi haulizi kwa nini mnofu umelegea. Hakuna kamati ya kijiji, hata iwe na uadilifu wa namna gani, inayoweza kuukata mnyororo wa namna hiyo kwa ngalawa na filimbi. Hatimaye ilikuwa nguvu ya serikali, polisi na wizara kadhaa zikitenda kwa pamoja, iliyoupunguza mshindo huo sana katika miaka iliyofuata. Na hapo ndipo penye mpaka wa kwanza wa jibu la tatu, kwamba kijiji kinaweza kumzuia jirani na mgeni, lakini hakiwezi kumzuia mhalifu aliye na tajiri nyuma yake, mpaka dola isimame nyuma ya kijiji.

Mfano wa pili una ladha nyingine, nao ni Misali. Hiki ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kisicho na wakazi wa kudumu, ambacho wavuvi wengi hukiendea kwa dago, wakipiga vibanda na kukausha samaki. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, na alipokosa akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Kisiwa kilipotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, wavuvi wakishirikishwa kwa jumuiya yao na sehemu ya mwamba ikifungwa kabisa, waliokuwa wakifanya kazi huko waligundua kwamba maneno ya kitaalamu juu ya viumbe na mazingira yaliingia sikio moja yakatokea la pili, lakini maneno ya amana, ya mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika uumbaji, ya mwanadamu kuwa khalifa na si mmiliki, na ya hima, lile eneo ambalo tangu zamani za Arabuni lilikatazwa kuchungwa kwa manufaa ya umma, yalisikilizwa kwa makini misikitini na madarasani. Haikuwa hila ya kuivika sayansi kilemba. Wavuvi walikuwa na sheria ndani yao kabla ya kuletewa sheria kutoka nje, na aliyefika alitakiwa kwanza ajue wanaitaja kwa jina gani.

Mfano wa tatu ni Kuruwitu, katika Kilifi. Huko wazee wa uvuvi waliokumbuka bahari ilivyokuwa katika ujana wao waliungana wakaanzisha chama, na mwaka 2005 wakakubaliana kufunga sehemu ya hekta 30 hivi, kipande kidogo mno mbele ya ukubwa wa bahari. Mahali pa namna hii watu wa pwani ya Kenya walipaita tengefu, neno linalosema kwamba kitu kimewekwa kando kwa heshima, wala hakikutupwa. Palikuwa na ugomvi mkubwa wakati wa kuanza, kwa kuwa kila mtu alitaka kufungwe fungu la mwenziwe. Miaka ilipopita matumbawe na majani yalirudi, samaki wakaongezeka ndani na pembeni, wageni wakaja kuogelea na kulipa, na wazo likaenea katika vijiji vingine vya mwambao huo, ambavyo baadhi vilifanikiwa na vingine vilifunga kwa maneno tu.

Wa nne umekuja kwetu kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walijaribu kufunga fungu moja kwa ajili ya pweza peke yake, kwa miezi michache. Hekima ya jaribio hilo imo katika maumbile ya pweza mwenyewe. Huishi mwaka mmoja na ushee tu, hukua kwa kasi ya ajabu, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake mpaka yakaanguliwa. Basi pweza aliyeachwa miezi miwili au mitatu huwa mzito mara kadhaa, na hasara ya kungoja hulipwa kabla subira haijaisha. Jirani walipoona, wakaiga. Mwaka 2006 vijiji vya huko vikaunda eneo kubwa la Velondriake. Na desturi hiyo ikavuka bahari ikafika Pemba, Unguja, Mafia na mwambao wa Kilwa. Huku kwetu ina maana moja ya ziada, nayo ni kwamba pweza wa maji ya kupwa ni riziki ya wanawake. Mwamba ukifungwa, wao ndio wanaofunga mkanda. Na kama siku ya kufungua wanaume wenye miwani na vyombo wamewatangulia kuzamia kilindini, watakuwa wamewafugia wengine. Kamati zilizo na insafu zimetambua jambo hilo, zikaweka utaratibu wa siku ya kufungua, saa ya kuanza na uzito wa pweza anayeruhusiwa. Zisizolitambua zimejikuta, mara ya pili, hazina mwanamke wa kuzisaidia kulinda.

Tukiitazama mifano hii kwa pamoja, twaona kwamba ukubwa wa eneo haukuwa siri ya mafanikio, wala wingi wa fedha. Fungu dogo la Kuruwitu limedumu, na mpango mkubwa wa Tanga uliyumba. Palipofaulu palikuwa na mpaka ambao mtoto anaweza kuuonyesha kwa kidole. Palikuwa na sababu ya kufunga iliyosemwa kwa lugha ya watu. Faida ilirudi mikononi mwa wale wale waliopata hasara, tena mapema. Na serikali ilikuwa karibu kiasi cha kuitwa, lakini si karibu kiasi cha kuketi katika kiti cha mwenyekiti. Sheria zimejaribu kuyaweka haya katika karatasi. Kenya mwaka 2007 ilitunga kanuni za vikundi vya madiko, vile ambavyo kila mvuvi huvitaja kwa herufi tatu za BMU. Tanzania Bara inavyo vikundi vya jina hilo hilo, vilivyoanzia Ziwa Viktoria. Na Zanzibar ina kamati za wavuvi za shehia. Lakini karatasi huanzisha kamati, haiipi heshima, na zipo kamati ambazo huonekana siku mgeni wa mradi anapofika, kisha hutawanyika pamoja na sahani za pilau.

Mzito kuliko yote ni mgogoro wa maana ya neno lenyewe, jamii. Bahari yetu ni bahari ya wasafiri. Wavuvi wa Kojani, kisiwa cha Pemba, huenda dago miezi mingi ya mwaka, wakifika Tanga, Mafia, Kilwa na hata pwani ya Kenya, na kwa ustadi wao wa kuzamia na kupiga nyavu wamepata sifa na lawama kwa kipimo kimoja. Kijiji kinapofunga fungu lake, humfungia nani? Mwenyeji husema mgeni huja na juya, huvuna, huondoka, na hatakuwepo kuona ukiwa alioacha. Mgeni naye husema kwamba babu yake alipiga kambi hapa kabla ya kamati kuzaliwa, na kwamba samaki hawana uraia. Wote wawili wana haki, na kwa hiyo mji unaojua kutawala haumfukuzi mgeni wala haumwachii. Humrudisha kwenye ile adabu ya kale ya kuomba ruhusa, humwandika, humtoza ada anayotozwa mwenyeji au zaidi kidogo, na humpa sauti katika masharti anayotakiwa kuyatii. Ulinzi wa bahari ukigeuka kuwa jina jingine la kumchukia Mpemba au Mdigo, utakuwa umeponya samaki na kuwaumiza watu.

Kuna na tajiri. Vijana wengi wavutao juya wamefungwa kwa deni, kwa kuwa mwenye wavu na mwenye chombo huwakopesha siku za kusi na kuwakata siku za kaskazi; kuwanyang'anya wavu pasipo kuwaondolea deni ni kuwahamisha kutoka kosa moja hadi jingine. Ndiyo maana kazi ya taratibu ya kubadili zana, kama kupanua macho ya nyavu au kuacha mwanya mwembamba ubavuni mwa dema ili samaki wachanga watoke na wakubwa wabaki, jambo lililojaribiwa Kenya na kuonekana halimpunguzii mvuvi fedha yake, mara nyingi hufaa kuliko ushujaa wa kuchoma nyavu hadharani. Na ndiyo maana pia riziki ya pembeni ina nafasi yake: watu wa Gazi na Makongeni, kusini mwa Kenya, ambao kwa jina la Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, wamepata maji ya bomba na vitabu vya shule kutokana na misitu ambayo pia ni malezi ya samaki.

Yote haya yakitimia, bado kuna adui asiyejua kamati. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, matumbawe yaliwatema wale wapangaji wao, yakawa meupe kama mifupa, na katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa katika miezi michache, yaliyolindwa na yasiyolindwa. Balaa hilo lilirudi mwaka 2016, na likarudi tena mwaka 2024. Mwenye kushuku anaweza kuuliza, kuna haja gani ya kumzuia mjane asichokoe pweza, ilhali moshi wa viwanda vya mbali ndio unaoichemsha bahari? Swali ni la haki, na dhuluma iliyomo ni ya kweli. Lakini joto huja na kuondoka, na baada ya kuondoka mwamba huwa kama shamba baada ya moto: wakiwapo pono wa kufagia mwani na vikande wa kula viumbe wa miiba, vichipukizi vipya vya matumbawe hupata mahali pa kushika, wasipokuwapo, mwani hutanda na shamba likabaki gofu. Kijiji hakiwezi kuchagua kama moto utakuja, ila kinaweza kuchagua kama utakuta mbegu.

Basi jawabu langu ni kwamba haki ya kuifunga bahari ni ya yule atakayekuwa na njaa wakati imefungwa, na wajibu wa dola ni kuhakikisha kwamba huyo huyo ndiye atakayeshiba itakapofunguliwa. Serikali inayofunga bila yeye hujenga ukuta ambao usiku hutobolewa. Kijiji kinachofunga bila serikali hujenga ukuta ambao mwenye baruti huubomoa mchana. Na kamati isipimwe kwa muhuri wake, wala kwa bango lililosimikwa ufukweni, wala kwa idadi ya semina ilizohudhuria. Ipimwe alfajiri ile ambayo doria inamkuta mtu ndani ya tengefu, na mwanga ukipambazuka anaonekana ni mtoto wa mwenyekiti. Mji mzima ukiwa umesimama dikoni, kimya, ukingoja kuona kama wavu wake utachukuliwa kama ulivyochukuliwa wa mgeni wa jana.